Hamlet hakuwa kichaa, na Laertes alidanganywa

Najua nimepotea, semina zimenibana na desa za mwaka huu ni ndefu kuliko foleni ya kafteria. Ila leo kuna kitu nimeshindwa kukinyamazia. Wiki nzima kundi letu la fasihi limekuwa likigombana juu ya swali moja, na ugomvi umehamia mpaka kwenye korido za bweni: Hamlet alikuwa kichaa kweli au alikuwa anajitia?

Kwa wale wa sayansi ambao mnatusomaga kwa huruma, nawapa picha haraka. Mfalme wa Denmark amekufa. Mdogo wake, Claudius, amekalia kiti na kumwoa mjane, Gertrude, hata miezi miwili haijatimia. Hamlet ni mtoto wa marehemu. Amerudi kutoka chuoni Wittenberg kule Ujerumani, na sasa anazuiwa kurudi shule. (Kwa hesabu za mchimba kaburi kwenye tendo la tano, jamaa ana miaka 30. Kwetu hapa tungeshauliza kadisko mara ngapi.) Usiku mzuka wa baba yake unamtokea na kumwambia kwamba habari ya kuumwa na nyoka ni uongo, baba yako mdogo alinimiminia sumu sikioni nikiwa nimelala bustanini, nenda kalipize. Hamlet anawaapisha rafiki yake Horatio na askari mmoja wasitoe siri. Halafu anawatahadharisha kwamba huko mbele anaweza kuona inafaa kujifanya mtu asiye sawa, na wakimwona hivyo wasijaribu kuonyesha kwamba wanajua kinachoendelea.

Yaani mtunzi katuambia mapema kabisa, kabla tendo la kwanza halijaisha. Halafu tunafika darasani tunaanza kubishana.

Jibu lililopo kwenye desa, ambalo nadhani limerithishwa tangu enzi za kaka zetu, linasema hivi: alianza kwa kuigiza, mwisho kikamkolea kweli. Vyote viwili. Ni jibu tamu sana kwa mtihani kwa sababu halina adui, unaokota maksi pande zote. Hata T. S. Eliot kwenye makala yake ya 1919 alikaa hapohapo katikati, akaona kwamba hali ya Hamlet inazidi kuigiza lakini wazimu wenyewe haijaufikia. Sasa mimi si T. S. Eliot, ila jibu la vyote viwili linanikera, maana linamwachia mtu mmoja atoke mlangoni bila kulipa. Huyo mtu ni Hamlet.

Msimamo wangu uko wazi. Huzuni yake ni ya kweli. Kichaa ni koti. Na hilo koti analivaa na kulivua kwa wakati anaotaka yeye, mpaka siku ya mwisho.

Tuanze na swali ambalo hatukuliuliza semina: kichaa cha kuigiza kinatakiwa kimdanganye nani? Lazima Claudius, si ndiye adui. Sasa fungua tendo la tatu. Claudius na Polonius wamejificha wanamsikiliza Hamlet akimfokea Ophelia, msichana aliyekuwa anampenda. Polonius, baba yake Ophelia, anaendelea na wimbo wake kwamba kijana kachanganywa na mapenzi. Claudius anamkatalia palepale. Anasema haya si mapenzi, na maneno yake, japo yamepinda kidogo, hayafanani na ya kichaa. Kuna kitu amekiatamia moyoni. Na dakika hiyohiyo anaamua kumpeleka Uingereza. Yaani mtu pekee ambaye koti lilishonwa kwa ajili yake ndiye hakudanganyika! Waliodanganyika ni Polonius, Ophelia, pengine mama, na sisi wa mwaka wa pili.

Hapa historia ya hadithi yenyewe inasaidia. Shakespeare hakuibuni. Msomi wa Denmark, Saxo Grammaticus, aliiandika kwa Kilatini karibu mwaka 1200, na Mfaransa mmoja, François de Belleforest, akaisimulia upya mwaka 1570, miaka kama thelathini kabla ya Hamlet tunayoisoma sisi. Kwa Saxo kijana anaitwa Amleth, na baba yake mdogo, Feng, amemuua kaka yake na watu wanajua. Amleth anaona wazi zamu yake inakuja. Basi anajigaragaza kwenye uchafu, anaongea upuuzi, ili aonekane punguani asiye na hatari kwa mtu. Ujanja wa kuokoa roho, umeeleweka.

Shakespeare akaja akabadilisha jambo moja zito: mauaji yakawa ya siri. Claudius hajui kwamba Hamlet anajua. Kwa hiyo Hamlet angekaa kimya, ale, alale, asome vitabu vyake, asingeshtukiwa na mtu. Kujitia kichaa ndiko kulikomfanya Claudius awaite Rosencrantz na Guildenstern, rafiki zake wa utotoni, waje wampeleleze. Samuel Johnson aliliona hili mwaka 1765 alipochapisha kazi za Shakespeare na maelezo yake: hakuona sababu ya kutosha ya Hamlet kujitia kichaa, kwa kuwa hakuna alilofanya ambalo asingeweza kulifanya akiwa na sifa ya mtu mzima wa akili.

Mzee Johnson kaacha swali lining'inie. Mimi nadhani kazi ya koti ipo, ila si ile iliyotangazwa.

Mmewahi kuona mlevi kwenye harusi? Kila ukoo anaye mmoja. Anasimama katikati ya sherehe anamwambia bwana harusi mambo ambayo ukumbi mzima unayajua na hakuna anayethubutu kuyasema. Watu wanacheka, wanamkalisha, wanasema mwacheni, kalewa. Kesho yake ukimfuata anakuambia ndugu yangu nisamehe, ni pombe ile. Sasa angalieni Hamlet. Anamwita Polonius muuza samaki. Anamdhihaki baba yake mdogo mbele za watu. Anamchambua Rosencrantz kwamba ni sifongo linalofyonza fadhila za mfalme. Yote ni kweli tupu, na yote yanapita kwa sababu ni kichaa, mwacheni. Anawadokeza hata wale wapelelezi kwamba kichaa chake kinategemea upepo unavuma kutoka wapi. Koti linampa ulimi. Baadaye, na hapa ndipo ninapokasirika, linampa pa kujificha.

Kabla sijafika huko nimsikilize kwanza mshikaji wangu wa upande wa pili, maana ana hoja. Anasema: mbona Hamlet anataka kufa hata kabla hajaonana na mzuka? Kweli kabisa. Kwenye tendo la kwanza, kabla ya siri yoyote, akiwa peke yake jukwaani, tayari ameichoka dunia na anasikitika kwamba Mungu amekataza kujiua. Hapo haigizi, hakuna wa kumwigizia. A. C. Bradley kwenye mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1904 aliliita hilo majonzi mazito, ugonjwa wa huzuni, akalitenga na wazimu. Nakubaliana naye, tena kwa sababu ambayo haiko kitabuni.

Mwaka jana mtu mmoja wa bweni letu alifiwa na baba yake. Alirudi baada ya mazishi akiwa mwingine kabisa. Anakaa gizani, hanyoi, ukimsalimia anakujibu kitu ambacho hukumuuliza, usiku anatembea uwanjani. Haikupita wiki nikaanza kusikia eti jamaa kachizika. Siku ya pili limekuwa jina. Hakuwa kichaa jamani, alikuwa amefiwa. Tofauti ni kubwa, na aliyeifanya ionekane ndogo ni mdomo wetu. Kwa hiyo mtu akiniambia Hamlet ni kichaa kwa sababu amevaa nyeusi na anaongea peke yake juu ya kifo, namuuliza: ulitaka avae nini? Baba kafa, mama kaolewa, shule kakatazwa, rafiki wamenunuliwa. Huyo ni mtu mwenye sababu.

(Mabano: hili la baba mdogo kumwoa mjane kwetu si geni hata kidogo, koo nyingi zilikuwa na desturi ya kurithi mjane. Kwa kanisa la wakati wa Shakespeare kumwoa mke wa ndugu yako ilihesabiwa uchafu wa damu. Mwanaanthropolojia Laura Bohannan aliwahi kuwasimulia Hamlet wazee wa Kitivi kule Nigeria, akaandika yaliyomkuta kwenye makala iliyotoka 1966. Wazee walisema Claudius alifanya vizuri kabisa kumwoa mjane wa kaka yake. Ila walipofika kwenye kichaa waligoma: mtu hapatwi na wazimu hivihivi, ni uchawi au ni viumbe wa porini, na mwenye uwezo wa kumroga ni ndugu wa upande wa baba. Basi ni Claudius. Unaweza kucheka, ila ona walichofanya wale wazee. Hawakuhangaika na kweli au kuigiza. Waliuliza nani anawajibika. Semina yetu nzima haikufika hapo.)

Hoja ya pili ya mshikaji ni chumba cha mama. Mzuka unarudi, Hamlet anauona na kuongea nao, Gertrude haoni kitu. Ushahidi wa kichaa? Ungekuwa, kama mzuka huu usingekuwa umeshaonwa na watu watatu wenye akili zao kwenye tendo la kwanza, tena kabla Hamlet hajauona. Na ona anachofanya mama anapomwambia kwamba hayo ni mawazo ya kichwa chako. Anamwambia nishike mapigo ya damu yanapiga sawa na yako, nipe mtihani, nitarudia niliyosema neno kwa neno, jambo ambalo kichaa hawezi. Halafu anamwomba asimwambie Claudius kwamba ni kichaa cha ujanja tu. Mtu anakuomba umtunzie siri kwamba haumwi, halafu sisi tunamwandikia cheti cha hospitali.

Linganisheni na Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthiliya tuliyosoma sote. Kinjeketile anafika mahali hajui tena kama maneno aliyowapa watu yalitoka kwa pepo au kwake mwenyewe, na hilo linamtafuna. Yule ndiye mtu aliyepotea ndani ya kichwa chake. Hamlet akitia shaka juu ya mzuka, kwamba labda ni shetani anamtega, anafanya nini? Anaandaa mchezo unaofanana na mauaji, anamweka Horatio amtazame mfalme usoni, kisha wanakaa wawili kulinganisha walichokiona. Huo ni utafiti mzuri, una mpaka msaidizi. Na kwenye meli ya kwenda Uingereza anaiba barua ya kumuua, anaandika nyingine kwa mwandiko safi wa kiofisi, anaigonga muhuri wa baba yake, na kuwatuma Rosencrantz na Guildenstern wakafe badala yake. Kichaa gani huyo anakumbuka muhuri?

Sasa tufike kwa Laertes.

Usiku ule chumbani kwa mama, Polonius amejificha nyuma ya pazia. Hamlet anasikia sauti, anachoma upanga. Akivuta pazia anakuta mzee wa watu. Anasema wazi alidhani ni mkubwa wake, yaani mfalme. Si kichaa, ni kosa la kulenga, alitaka kumuua mtu mwingine. Na kabla hajautoa mwili anatamka kitu ambacho wengi tunakiruka: kwamba atakuja kujibu vizuri kwa kifo alichomsababishia mzee huyu. Kaahidi mwenyewe. Hakulazimishwa.

Siku ya kujibu inafika tendo la tano. Polonius kazikwa kimyakimya. Ophelia, bintiye, kachanganyikiwa na kafa maji. Laertes ni kaka yake Ophelia na mtoto wa Polonius, hana tena mtu. Kule kaburini wameshakabana yeye na Hamlet. Na hapa naomba msome polepole, maana ndiyo kesi yangu nzima. Muda mfupi kabla ya pambano la panga, Hamlet yuko na Horatio. Anamwambia anajuta kwamba alijisahau mbele ya Laertes. Ilikuwa ni ile huzuni ya majivuno ya Laertes kaburini iliyompandisha hasira. Hasira. Kamwambia rafiki yake, kwa faragha, hasira. Ukurasa mmoja au miwili mbele, jumba zima likiwa limekaa, anamshika Laertes mkono na kumwomba msamaha. Anatangaza kwamba yote aliyomkosea ni kichaa. Hamlet hakufanya, kichaa chake ndicho kilichofanya, na Hamlet mwenyewe yuko upande wa waliokosewa, kwa sababu kichaa ni adui yake pia!

Nasoma pale nabaki mdomo wazi. Kwa rafiki ni hasira, kwa mtoto wa marehemu ni ugonjwa. Na si kile alichosema atakuja kujibu. Mlevi wa harusini huyo, asubuhi yake: ni pombe ile ndugu yangu.

Kuna chapa ya mwaka 1604 ambamo mjumbe anakuja kabla ya pambano na ujumbe wa mama, kwamba Hamlet aongee na Laertes kwa upole kwanza. Kwenye kitabu kikubwa cha 1623 kipande hicho hakimo. Kwa hiyo inawezekana hata wazo la kuomba radhi halikuwa la kwake. Johnson, yuleyule wa 1765, naye alitamani Hamlet angejitetea kwa njia nyingine, akaona haimfai mtu jasiri kujikinga kwa uongo. Nafurahi kuwa na mzee upande wangu.

Nimeambiwa semina kwamba namwonea, kwamba Laertes naye ana upanga wenye sumu mkononi wakati anajibu kwamba amepokea upendo. Kweli. Waongo wawili wanashikana mikono, na mmoja ameshajipaka sumu kwenye chuma. Ila Laertes akiwa anakufa anasema yote, anaeleza sumu, anamtaja mfalme, anaomba wasameheane. Hamlet anamsamehe. Sikusikia popote akirudi kusema: Laertes, ile habari ya kichaa, haikuwa hivyo.

Ndiyo maana nasema jibu la vyote viwili ni zawadi tunayompa Hamlet bila yeye kuilipia. Tukisema alichizika kweli tunarudia utetezi alioutunga mwenyewe, tena kwa maneno yake. Na sisemi mwenye maradhi ya akili awajibike kwa maradhi yake, Mungu apishe mbali. Nasema kinyume chake. Anayejivika maradhi ya watu ili asijibu, anawachafulia wale wanaoumwa kweli.

Na yupo anayeumwa kweli mle ndani. Ophelia. Akiingia tendo la nne huhitaji kuuliza. Hana mpango, hana siri ya kutunza, hamwambii mtu amtazame mwingine usoni. Anaimba vipande vya nyimbo za mazishi na za mapenzi vimechanganyikana, anagawa maua. Baba kauawa na mtu aliyempenda, mtu huyohuyo alimtukana na kumwambia aende utawani, na kaka yuko Ufaransa. Shakespeare kawaweka wawili hawa jukwaa moja, koti na ngozi, na sisi bado tunauliza la Hamlet ni la namna gani.

Angalieni na walivyozikwa. Ophelia, kichaa wa kweli, anazikwa kwa ibada iliyokatwakatwa, kasisi analalamika kwamba kifo chake kina mashaka na bila amri kutoka juu angelazwa ardhi isiyobarikiwa. Laertes anauliza mara mbili kama hakuna ibada nyingine, anajibiwa hakuna. Wachimba kaburi wanataniana kwamba asingekuwa mtoto wa mkubwa hata hicho asingekipata. Hamlet anabebwa na makapteni wanne kwa amri ya Fortinbras, mkuu wa Norway aliyefika dakika hiyohiyo, na mizinga inapigwa.

Ijumaa zamu ya kuwasilisha ni yangu. Atakayekuja na lile jibu la desa aje na ukurasa wa Horatio amefungua kabisa.